Mto wa mlimani hauchorwi kwa maji peke yake

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliwakuta watu wa Mai Mahiu, Kenya, wakiwa bado usingizini. Kabla hakujapambazuka vizuri, habari zilikuwa zimeshazagaa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wizara inayohusika na maji ikaeleza tofauti: hapakuwa na bwawa la kujengwa lililovunjika. Kalvati linalopitisha maji chini ya tuta la reli lilikuwa limezibwa na mawe, miti na udongo. Maji yakakosa njia, yakajaa nyuma ya tuta, tuta likageuka bwawa bila mtu kukusudia, kisha likaachia. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha.

Bwawa au tuta, waliofiwa wamefiwa. Lakini kwa anayechora ramani ya mafuriko tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa mno. Bwawa lina jina, lina mwenye nalo, lina doa lake la bluu kwenye karatasi. Kalvati linaloweza kuziba halionekani popote mpaka apatikane mtu wa kusimama mbele yake, apime tundu kwa macho, atazame magogo yaliyolala korongoni huko juu, ajiulize: haya yakishuka kwa pamoja, yatapita?

Kila baada ya maafa ya namna hii maswali huwa yale yale. Kwani hakukuwa na ramani? Kama ilikuwapo, mbona nyumba za eneo lililopakwa rangi hafifu zimesombwa? Na hayo “mafuriko ya miaka mia” yanakujaje mara mbili ndani ya miaka kumi? Ni maswali ya haki. Majibu yake yote yanaanzia kwenye jambo moja ambalo wengi hatuambiwi: mto wa mlimani hautishi kwa kupanda kimo tu. Unatisha kwa mzigo unaoubeba, na kwa uwezo wake wa kuhama.

Maneno machache kwanza, maana mkanganyiko mwingi umejificha humo.

Fikiria jiwe kubwa lililokaa ukingoni mwa jabali. Jiwe lenyewe ni tishio. Siku mtu atakapotandika mkeka wake chini ya jabali hilo, hapo ndipo hatari inapozaliwa. Jiwe likidondoka na yeye yuko pale, hayo ni maafa. Ramani tunayoizungumzia inaonyesha tishio: wapi maji na mawe vinaweza kufika, kwa nguvu gani, na mara ngapi. Haihesabu nani analala wapi. Ndiyo maana bonde lisilo na nyumba hata moja linaweza kupakwa rangi kali kabisa, na aliyepaka hajakosea.

Neno la pili ni dakio. Hili ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia kwenye kijito kimoja. Lione kama paa la nyumba, na kijito ndicho mfereji wa kukingia maji. Ukitaka kujua mfereji utafurika lini, hutazami mfereji. Unatazama paa ni kubwa kiasi gani, limeinuka vipi, na mvua inashuka kwa kasi gani.

Neno la tatu ni mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita mahali fulani kwa sekunde moja. Hupimwa kwa mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, karibu sawa na gari dogo. Tuupige hesabu, kwa sababu namba hizi zinaeleza kuliko sifa. Chukua dakio dogo la kilomita za mraba 10. Ikinyesha mvua ya milimita 60 kwa saa moja juu yake, yatashuka maji mita za ujazo 600,000. Tuseme nusu yanazama ardhini na nusu yanakimbilia kijitoni ndani ya saa hiyo. Kijito ambacho jana ulikivuka kwa kukanyaga mawe matatu sasa kinapitisha, kwa wastani, tani 83 kila sekunde. Magari madogo 83. Sekunde inayofuata, mengine 83.

Mto mkubwa wa tambarare nao hupitisha maji mengi, tena mengi zaidi, ila wenyewe hupiga hodi. Maji hupanda polepole, saa kwa saa, pengine siku kwa siku, na mtu wa chini hupigiwa simu na mtu wa juu. Kijito cha mlimani kinaweza kufika kileleni mwa mafuriko yake chini ya saa moja tangu mvua ianze kumwagika kwa nguvu. Wataalamu huyaita mafuriko ya ghafla yale yanayotokea ndani ya saa 6 baada ya mvua. Kwa dakio dogo lenye miteremko mikali, hata saa 6 ni anasa.

Kisha kuna kasi. Msukumo wa maji haukui sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo maji ya sentimita 15 tu, yakienda mbio, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuliondoa gari dogo barabarani. Kwa mawe mambo ni mabaya zaidi. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa mito inasema kasi ikiongezeka mara mbili, mto unaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64 ya lile la mwanzo. Mtu akikuambia “maji yalifika magotini tu”, muulize yalikuwa yakienda vipi, na yalikuwa na nini ndani.

Hilo la ndani ndilo linaloutenga mto wa mlimani na mito mingine. Kuna mafuriko ya maji, yamechafuka lakini bado ni maji. Kuna mafuriko yenye mashapo mengi, yaani mchanga, changarawe na mawe yanayobingirika chini ya mkondo. Halafu kuna kile kinachokuja pale matope na mawe yanapokuwa nusu au zaidi ya mzigo wote: si maji yaliyobeba udongo tena, ni udongo unaotembea. Ujazo wake unaweza kuwa mzito karibu mara mbili ya maji. Ukishaona zege bichi likishuka kwenye mfereji wa kumiminia, umeliona umbo lake, ila ongeza majabali juu yake na uliteremshe kwa kasi ya mtu anayekimbia au zaidi.

Tarehe 3 Desemba 2023, pale Katesh chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, ndicho kilichoshuka, na zaidi ya watu 80 walikufa. Taarifa zilisema mara mafuriko, mara maporomoko ya udongo, watu wakabishana lipi ni sahihi. Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Huko juu mteremko hukatika, nayo ni maporomoko. Vipande vyake huingia korongoni na kuchanganyika na maji, nao huwa mtiririko wa matope. Huko chini, matope yakishaacha mawe yake, mwisho wake unaweza kuwa mafuriko ya kawaida. Tukio moja, majina matatu, kutegemea ulikuwa umesimama wapi. Mchora ramani hana budi kuyachora yote matatu, maana ukuta unaozuia maji ya nusu mita hauwezi lolote mbele ya jabali.

Sasa tushuke mpaka mahali korongo linapotokea kwenye uwanda. Ukitazama kwa makini, au ukiangalia picha ya kutoka angani, utaona pale ardhi imetanuka kuanzia mdomo wa korongo kama ungo ulioinamishwa: juu mwembamba, chini mpana, mteremko wake mpole. Nitauita mmwago, kwa sababu ndivyo ulivyo. Mlima umemwaga hapo, mara nyingi, kwa maelfu ya miaka. Maji yakiwa ndani ya korongo yamebanwa, yana nguvu. Yakitoka nje mteremko unapungua, yanaishiwa nguvu, yanatua mzigo. Mzigo huo huinua sakafu ya mto mpaka mto unakaa juu kuliko ardhi ya pembeni yake. Siku ya mafuriko mengine maji hayaoni sababu ya kubaki kwenye njia ya zamani. Yanaruka kando na kufungua njia mpya. Baada ya maelfu ya miaka ya kurukaruka hivyo, ungo wote umekamilika.

Balaa ni kwamba mmwago ni mahali pazuri pa kuishi. Hapatuami maji, pameinuka kidogo, mwonekano ni mzuri, na kijito kiko pale mkononi. Tarehe 7 Agosti 1996, karibu na mji wa Biescas upande wa Hispania wa milima ya Pyrenees, kambi ya watalii ilikuwa imejaa watu wa likizo. Ilikuwa imejengwa juu ya mmwago wa kijito kiitwacho Barranco de Arás. Kijito kilikuwa kimefugwa, au ndivyo ilivyoaminiwa: huko juu vilijengwa vizuizi vingi vya kukamata mawe, na huku chini kilichimbiwa mfereji ulionyooka kukata mmwago. Jioni ile ilishuka mvua ya radi. Vizuizi vingi vikavunjika, vikaachia mashapo viliyokuwa vimeyakusanya kwa miaka. Mkondo ukatoka mferejini ukapita katikati ya kambi. Watu 87 walikufa.

Biescas hufundishwa mpaka leo na wanaochora ramani hizi. Kama ungemwomba mtu achore tishio la pale kwa kutazama mfereji peke yake, angechora mstari mwembamba wa bluu na pande mbili nyeupe. Ukimwomba mtu anayesoma ardhi, angeupaka rangi mmwago mzima, kwa sababu mmwago wenyewe ni kumbukumbu ya mahali mto ulikowahi kufika. Sioni ushahidi wenye nguvu kuliko huo. Ardhi imeweka sahihi yake.

Ramani basi hutengenezwaje? Wengi hudhani ni kazi ya kompyuta na setilaiti. Vyote hutumika, lakini kazi yenyewe huanza kwa miguu.

Huanza hivyo kwa sababu ya upungufu mmoja usiosemwa sana: vijito vya milimani karibu havina vipimo. Vituo vya kupima mito vimewekwa zaidi kwenye mito mikubwa huko chini. Na hata kikiwekwa kimoja kijitoni, mafuriko makubwa, yale hasa tunayotaka kuyapima, ndiyo yanayokisomba. Hivyo mtaalamu hutafuta mashahidi wengine.

Shahidi mmoja ni mti wa ukingoni. Uzunguke. Upande wake unaotazama mtoni chini ni mzima, gome halina doa. Upande unaotazama mtoni juu, kwenye kimo cha kifua, gome limechubuka hadi ubaoni, na pande zote mbili za kovu mti umeota midomo minene ukijaribu kulifunga. Kitu kizito kiligonga hapo, kikitokea juu, kikipita kwenye kimo hicho. Mtaalamu huchukua kekee nyembamba yenye tundu katikati, akaizungusha mpaka ndani ya shina, akatoa kijiti cha ubao kisichozidi unene wa penseli. Kwenye kijiti hicho zimo pete za ukuaji. Akihesabu kutoka kovuni hadi kwenye gome, anapata mwaka wa pigo. Miti kumi yenye kovu la mwaka mmoja kando ya kijito kimoja ni kama kitabu cha kumbukumbu ambacho hakuna aliyekiandika. (Mbinu hii si ya kila mahali: kwenye nchi za joto miti mingi haiweki pete za mwaka zinazosomeka.)

Shahidi mwingine ni mpangilio wa mawe. Maji hupepeta. Mafuriko ya maji yakishapungua huacha mchanga na mchanga mwenzake, changarawe na changarawe, na mawe bapa yakiwa yameegemeana kama vigae vya paa. Matope hayapepeti. Mtiririko wa matope huacha kila kitu kimekorogwa pamoja, jabali la ukubwa wa meza likiwa limekaa juu ya udongo laini, na kando ya njia yake huacha matuta mawili ya mawe kama kingo za mfereji ambao haukuchimbwa na mtu. Ukikata shimo ukingoni ukaona tabaka la namna ya kwanza juu ya tabaka la namna ya pili, umejua kwamba kijito hiki kinaweza yote mawili. Hilo hakuna kompyuta itakayokuambia kama wewe hujaiambia kwanza.

Wapo pia mashahidi wa kawaida: mstari wa tope ukutani mwa nyumba ya zamani, majani makavu yaliyonasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, picha za zamani, daftari za ofisi, na wazee. Kwa wazee nina jambo moja la kusema. Mzee akikuonyesha ukutani “yalifika hapa”, msikilize vizuri kuliko anapokutajia mwaka. Kimo alikiona kwa macho. Mwaka huenda aliuhesabu baadaye.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inapoingia. Inapewa umbo la ardhi, mvua ya kiasi fulani, na inakokotoa maji yatapita wapi, kwa kina gani na kasi gani. Ubora wa jibu unategemea ubora wa umbo la ardhi. Data za mwinuko zinazopatikana bure kwa karibu dunia nzima zina vijisehemu vya mita 30 kwa 30. Kijito cha upana wa mita 4 humezwa kizima ndani ya kijisehemu kimoja, pamoja na kingo zake, daraja lake na ukuta wa jirani. Ramani nzuri ya milimani huhitaji vipimo vya leza kutoka kwenye ndege, au mtu na vifaa vyake akipima mita kwa mita. Ukiona ramani ya kuvutia ya mkoa mzima iliyochorwa na mtu aliyekaa mezani, itakusaidia kujua uanzie wapi kutembea. Isikusaidie kujua ujenge wapi.

Halafu hesabu hurudiwa, mara hii daraja likiwa limeziba. Hapa ndipo Mai Mahiu inaporudi. Tundu la kalvati huenda linatosha kabisa kupitisha mtiririko wa mafuriko makubwa. Lakini gogo la mita 5 likikwama kwa kukingama, matawi hunasa juu yake, majani hunasa kwenye matawi, mchanga hujaza mapengo, na ndani ya dakika chache tundu limekuwa ukuta. Maji yatatokea wapi sasa? Pengine kushoto, kupitia barabara ambayo haijawahi kuona mafuriko. Mchora ramani makini huchora na barabara hiyo. Mwenye nyumba hulalamika kwamba hapo pakavu tangu enzi za babu. Wote wawili wanasema kweli.

Tuje kwenye miaka, maana hapa lugha yenyewe imetuponza. “Mafuriko ya miaka mia” si mafuriko yanayokuja kila baada ya miaka 100, wala si kwamba yakishapita basi tumepumzika kwa karne nzima. Chukua mfuko wenye gololi 100, 99 nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka unatia mkono, unatoa moja, unaitazama, unairudisha. Mwaka uliotoa nyekundu ndio mwaka wa mafuriko. Mwakani mfuko bado una gololi 100 na nyekundu bado imo. Unaweza kuitoa miaka miwili mfululizo, na unaweza kufa hujaiona.

Asilimia 1 kwa mwaka inasikika ndogo. Lakini anayejenga nyumba hajengi ya mwaka mmoja. Ukitia mkono mfukoni mara 30, uwezekano wa kukutana na nyekundu angalau mara moja ni asilimia 26, zaidi kidogo ya mmoja kwa wanne. Kwa miaka 50 unakaribia asilimia 40. Kwa miaka 100 yenyewe ni asilimia 63, si 100, jambo ambalo huwashangaza hata waliosoma hesabu.

Na hizo gololi ni za kijito kimoja. Nchi yenye mabonde mamia ina mifuko mamia, kila mmoja ukichezwa kila mwaka. Haishangazi kusikia kila msimu kwamba mahali fulani pamepata “mafuriko ya miaka mia”. Isitoshe, aliyehesabu gololi alitumia kumbukumbu za mvua za zamani. Hali ya hewa ikibadilika, huenda nyekundu sasa ni mbili na hakuna aliyetangaza.

Tukishajua nguvu na tukishajua mara ngapi, tunapaka rangi. Uswisi ni mfano mzuri kwa sababu utaratibu wake uko wazi. Mafuriko ya mwaka 1987 yaliwatikisa, na sheria za mwaka 1991 zikaweka wajibu wa kuchora ramani hizi. Hutazama matukio ya miaka 30, 100 na 300. Nguvu ya maji huitwa kali pale kina kinapozidi mita 2, au kina (kwa mita) kikizidishwa kwa kasi (mita kwa sekunde) jibu linapozidi 2. Yaani maji ya mita moja yanayokwenda mita 3 kwa sekunde tayari ni makali, ingawa hayajafika kifuani. Ndiyo maana kwenye ramani hizo unaweza kukuta rangi kali mahali ambapo maji si marefu. Kwa mitiririko ya matope hawana kabisa daraja la “dhaifu”: ikifika, inaanzia wastani.

Nyekundu yao ina maana kwamba mtu yuko hatarini hata akiwa ndani ya nyumba, kwani nyumba yenyewe inaweza kubomoka. Bluu ina maana aliye nje yuko hatarini, aliye ndani ya nyumba iliyojengwa kwa masharti kwa kawaida atapona. Njano ni hasara zaidi kuliko vifo. Mistari ya njano na nyeupe ni matukio ya nadra sana, zaidi ya miaka 300. Austria, ambayo idara yake ya kudhibiti vijito vya milimani na maporomoko ya theluji ilianza mwaka 1884, hutumia nyekundu na njano, ikipimia tukio la miaka 150. Japani nayo ina nyekundu na njano kwa mitiririko ya matope na mawe, chini ya sheria iliyotungwa baada ya maafa ya Hiroshima ya mwaka 1999.

Umeona mtego? Njano ya Uswisi ni hasara ndogo. Njano ya Japani inagusa uhai wa watu. Picha ya ramani inayorushwa kwenye simu bila ufunguo wake haina maana yoyote, hata iwe na rangi za kupendeza namna gani.

Nyeupe nayo ina uongo wake. Wakati mwingine nyeupe husema “tumetembea hapa, tumepima, hatukuona tishio”. Wakati mwingine husema “hatujafika”. Rangi ni ile ile. Kabla ya kufurahia nyeupe ya kiwanja chako, tafuta mstari unaoonyesha mipaka ya eneo lililochunguzwa. Kama kiwanja kiko nje ya mstari huo, hakuna aliyekuambia kitu.

Mstari wa kutenganisha rangi pia husomwa vibaya, kana kwamba ni uzio: jirani yuko ndani ya bluu, mimi niko nje kwa mita 2, basi mimi salama. Upana wa kalamu unaweza kuwa mita kadhaa ardhini, na makosa ya vipimo ni zaidi ya hapo. Mstari ni kauli ya makadirio. Mafuriko hayajausoma.

Imani nyingine ni kwamba msitu huko juu unatosha kutulinda. Kwa mvua za kawaida msitu ni neema isiyo na mfano: udongo wake hunywa, mizizi yake hushika. Lakini udongo uliokwisha kushiba hauwezi kunywa zaidi, na mvua ya kipekee huupita. Tena miti ya kingoni ikishang’olewa ndiyo hugeuka yale magogo ya kalvatini. Kinyume chake ni kweli bila mjadala: ukiuondoa msitu ghafla, tishio hupanda mara moja. Huko Montecito, California, moto mkubwa uliunguza milima mwezi Desemba 2017. Tarehe 9 Januari 2018 mvua fupi ya nguvu ikashuka juu ya miteremko iliyokuwa majivu, mitiririko ya matope ikafuata, na watu 23 wakapoteza maisha. Dakio lilikuwa limebadilika ndani ya wiki chache. Ramani hubadilika polepole kuliko hivyo.

Ama kuhusu “mto huu umekauka, hauna neno”: nenda ukatazame ukubwa wa mawe yaliyomo ndani yake. Jiwe lisiloweza kuinuliwa na watu kumi lilifika hapo kwa kubebwa.

Liko jambo moja ambalo ramani, hata ikiwa nzuri kupita zote, haiwezi kulitoa, nalo ni muda. Jioni ya tarehe 31 Julai 1976 mvua ya radi ilisimama juu ya korongo la mto Big Thompson huko Colorado, Marekani, ikamwaga takriban milimita 300 kwa saa chache. Kwenye mdomo wa korongo, ambako mvua haikuwa kubwa, mtiririko ulifika karibu mita za ujazo 880 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya rekodi ya awali. Zaidi ya watu 140 walikufa. Wengi walikuwa barabarani, na barabara ilifuata mto. Waliokimbia kwa gari kuelekea chini walikuwa wakishindana mbio na maji kwenye njia ya maji. Kando yao, hatua chache tu, ulikuwapo mteremko wa mawe wa kupanda kwa miguu. Siku hizi kwenye makorongo ya Colorado kuna vibao vidogo vya barabarani vyenye mchoro wa mtu anayepanda mlima, maji yakiwa nyuma yake, na maneno machache yanayomwambia dereva aliache gari lake apande juu.